Barua kwa mwanangu: kesi ya Florence Maybrick

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza Florence Maybrick, yule mke aliyeshtakiwa kumuua mumewe kwa sumu, alihukumiwa kwa kuua au kwa kuzini. Hati ya mashtaka ilisema kuua. Lakini mle mahakamani Liverpool, Uingereza, mwaka 1889, mambo hayo mawili yalikorogwa pamoja hadi hayakutenganika tena.

Mumewe James, mfanyabiashara wa pamba, alifariki Mei 11. Majuma machache kabla, watumishi walimwona Florence ameloweka karatasi za sumu za kuulia nzi. Alisema anatafuta aseniki, ile sumu iliyomo, ya kujipaka usoni. Usicheke, wanawake wa enzi hizo walijipaka kweli. Na James mwenyewe alikuwa akiila aseniki kwa miaka, eti dawa ya nguvu! Ndiyo maana madaktari walibishana kortini kama ni sumu iliyomuua au maradhi ya tumbo.

Kilichomponza ni barua. Yaya wao, Alice Yapp, alipewa barua ya kupeleka posta, akaifungua. Alidai mtoto aliiangusha matopeni, akataka kuibadilishia bahasha. Haya. Ndani Florence alikuwa akimwandikia hawara wake, Alfred Brierley.

Basi Jaji Stephen, alipowapa juri, yaani raia waliowekwa kuamua hatia, muhtasari wa kesi kwa siku mbili, akaukazia uzinzi huo kana kwamba ndio ushahidi wa sumu. James naye alikuwa na mwanamke wa nje aliyemzalia watoto, ila la kwake lilikuwa dogo. Sheria yao ya talaka ya mwaka 1857 ilimruhusu mume kumwacha mke kwa uzinzi tu. Mke alitakiwa athibitishe uzinzi na juu yake kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Juri wote walikuwa wanaume. Florence hakuruhusiwa kutoa ushahidi chini ya kiapo, maana haki hiyo washtakiwa waliipata mwaka 1898. Juri hawakumaliza hata saa moja, akahukumiwa kunyongwa.

Mimi simtakasi. Huenda alimpa sumu kweli. Ila sikiliza alivyosema Waziri wa Mambo ya Ndani alipombadilishia adhabu kuwa kifungo cha maisha: Florence alimpa mumewe aseniki kwa nia ya kuua, lakini kuna shaka kama ndiyo iliyoleta kifo. Wewe uliyesoma sheria niambie, shaka ikiwa hapo, hatia ya mauaji inasimamia wapi? Alitoka gerezani mwaka 1904, na wanawe wawili hakuwaona tena.

Nisalimie wajukuu.

Mama yako