Mwanangu anataka kuwa mwanamuziki: majibu ya meseji zenu

Meseji zimejaa tena, na zaidi ya nusu ni "kurekodi wimbo mmoja shilingi ngapi" bila hata salamu. Hizo sijibu, nilishasema. Nimechukua chache ambazo mwenyewe angalau alikaa akafikiri kabla ya kuandika.

Mwanangu ana miaka 14, anaimba vizuri sana, tumpeleke studio gani hapa Dar? (Mama, Tabata)

Hakuna. Swali linalofuata.

Kijana wangu wa miaka 13 alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, sasa hivi sauti inakatika katikati ya wimbo, mwalimu anamwambia ajikaze. Tunampa tangawizi na asali ila wapi. (Mama, Mwanza)

Mama, huyo sio mgonjwa, anabalehe. Koo la sauti linakua, zile nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na kwa wavulana wengi hili linatokea kati ya miaka 12 na 15, sauti inashuka karibu oktavu nzima, yaani kutoka do ya juu mpaka do ya chini yake. Sasa mtoto amezoea kuendesha baiskeli ghafla kapewa lori, lazima ataparamia ukuta. Inaweza kuchukua miezi, wengine zaidi ya mwaka. Asijikaze! Huyo mwalimu akiendelea kumlazimisha sauti ya kwanza mtoe huko kwa muda, au aimbe pale tu anapofika bila kubana shingo. Na tangawizi mnywe kwa raha zenu, ila unachomeza kinapita njia ya chakula na nyuzi za sauti ziko njia ya hewa, hazionani kabisa. Sauti ikikwaruza mfululizo zaidi ya wiki tatu nne, hapo ndio muone daktari wa masikio, pua na koo.

Alafu huu ndio wakati mzuri wa kumpa chombo mkononi. Sauti imelala, vidole havijalala.

Nina laki 2, nimnunulie gita la umeme au la kawaida? (Baba, Kibaha)

La kawaida. La umeme bila spika yake ni ubao wenye nyuzi, na hela yako haitoshi vyote. Kwa anayeanza tafuta la nyuzi za nailoni, haziumizi vidole sana, na usiende dukani peke yako, nenda na mtu anayepiga. Mimi mwenyewe niliyepiga besi kwenye bendi ya dansi miaka kibao nilimnunulia binti yangu gita lake la kwanza kwa kuangalia rangi, nikafika nyumbani nakuta shingo imepinda, nyuzi zimepaa juu huko, mtoto anabonyeza mpaka machozi. Wiki mbili kaliacha, na mimi baba mtu nikasema "huyu hana moyo wa muziki". Moyo alikuwa nao, gita ndio halikuwa gita. Watoto wengi mnaosema hawana kipaji wanapigana na chombo kibovu.

Amefeli hesabu, nimnyang'anye kinanda? (Mama, Arusha)

Mnyang'anye simu.

Binti yangu ana miaka 16, kuna meneja kamuona kwenye shoo ya shule, anataka tusaini mkataba wa miaka 10 na atagharamia video. Tunaogopa bahati isipite. (Baba, Morogoro)

Mzee mwenzangu, weka kalamu chini kwanza. Kisheria hapa kwetu mtoto wa chini ya miaka 18 hana uwezo wa kuingia mkataba, na huyo meneja analijua hilo kuliko wewe, kwa hiyo sahihi anayoitafuta ni yako. Miaka 10! Yaani kutoka 16 mpaka 26, umri wote ambao mtu anajitafuta, anakosea, anabadilika, uko kwenye faili la mtu mwingine. Na hilo neno "atagharamia" lisikulevye, mara nyingi sana hela ya video inakatwa baadaye kwenye mapato ya msanii, kwa hiyo ni mkopo tu ila umevaa suti. Muulize masta, yaani rekodi zenyewe za nyimbo, zinabaki za nani, asilimia zinahesabiwa kabla au baada ya kutoa gharama, akaunti ya YouTube inafunguliwa kwa barua pepe ya nani, na wakiachana jina la kisanii anaondoka nalo nani. Akianza kujikunakuna umeshajibiwa. Akikupa karatasi, mlipe wakili aisome, wakili wenu nyie, sio rafiki wa meneja.

Kingine, kwa sheria ya hakimiliki ya 1999 haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, ukiitoa kwenye huo mkataba unasaini mpaka ya wajukuu. Akitunga kitu kiandikwe tarehe, kisajiliwe COSOTA, wale wa hakimiliki Tanzania, itawasaidia siku ya ugomvi. Kuna nyimbo bado zinapigwa redioni Jumapili, mistari ya besi niliitunga mimi, na sina hata karatasi moja. Simlaumu mtu, nilikuwa kijana nikaona kusikika redioni ndio malipo yenyewe.

Na hili hukuniuliza ila nalisema, mambo mengi ya studio yanafanyika usiku. Binti wa miaka 16 haendi peke yake, hata prodyuza awe binamu yako. Nenda, kaa kwenye kochi, sinzia. Wakisema mzazi anaharibu "vaibu", mrudishe mtoto nyumbani usiku uleule.

Kuna shule za muziki kweli au ni kujifundisha YouTube tu? (Mzazi, Tanga)

Zipo. Zanzibar pale Mji Mkongwe kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA wanavyokiita, tangu 2002, wanafundisha udi, kanuni (ile ya nyuzi nyingi ya taarabu), fidla, ngoma. Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza 1981. Wa Nairobi mna Kenya Conservatoire of Music tangu 1944, hamna kisingizio. YouTube sio mbaya ila haikwambii kiwiko chako kimekaa vibaya. Na shule bila kupiga na watu wengine ni kujifunza kuogelea kitandani, mpeleke hata kwaya, hata kaswida, hata bendi ya mtaani akabebe waya.

Majirani wanalalamika, kwa hiyo anapiga kwa hedifoni usiku kucha. Kuna shida? (Mama, Mbagala)

Ipo, tena kubwa. Kipimo ambacho watu wa usalama kazini wanakitumia ni desibeli 85, yaani ukali wa sauti, kwa masaa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye 100 una dakika 15 tu. Hedifoni ikifunguliwa mpaka mwisho inafika huko bila shida. Masikio yakipiga mlio baada ya mazoezi ujue yameshaumia. La kwangu la kushoto linapiga filimbi mpaka leo, nilisimama upande wa matoazi ya drams miaka yote ile najiona mwanaume. Halijapona na halitapona.

Nitajuaje ana kipaji kweli na sio mkumbo? (Baba, Dodoma)

Usimuangalie akiwa jukwaani, wote wanang'aa jukwaani. Msikilize akiwa chumbani anadhani hamna mtu. Anayependa kuonekana anapiga anachokijua kuanzia mwanzo mpaka mwisho, anarudia, anajirekodi. Mwanamuziki utamsikia kang'ang'ania kipande kimoja kile kinachomshinda, mara thelathini, mpaka nyumba nzima mnakichukia.

Binti yangu juzi kaniita nimpigie besi kwenye wimbo wake. Nikaja na mbwembwe zote, tukaenda kidogo, akasimama. "Baba unakimbia." Nikamwambia mimi nimepiga hii kazi kabla hujazaliwa. Hakubisha, akafungua metronomu, ile inayogonga mapigo kwa mwendo uleule, kwenye simu akaiweka juu ya meza katikati yetu.

Nilikuwa nakimbia.