Nina siku mbili Chicago, nianzie wapi?

SWALI: Dada habari za kazi. Mwezi wa kumi naenda Chicago kikazi, nikimaliza nitabaki na siku mbili zangu mwenyewe. Napenda sana maghorofa hasa yale ya chuma na vioo ya msanifu majengo Mies van der Rohe, lakini rafiki yangu ananiambia nipande tu Willis Tower nione mji wote kwa mara moja basi. Inatosha kweli? Na lile ziwa nalo nilipe muda?
Mpenda Ghorofa

JIBU: Mpenda Ghorofa, kwa hili rafiki yako usimsikilize jamani. Ukiwa ghorofa ya 103 majengo yote yanageuka viberiti, na uzuri wa Mies uko kwenye kona na kule chini jengo linapokutana na ardhi, sasa utauonaje ukiwa juu?

Mi ningeanza na Monadnock, pale barabara ya Dearborn inapokutana na ya Jackson, katikati ya mji wanapopaita Loop. Ni jengo moja lenye nusu mbili, ile ya kaskazini ya 1891 ina ghorofa 16 na kuta zake za nje za matofali ndo zinabeba mzigo, kwahiyo chini ukuta una unene wa karibu mita 2 na madirisha yamezama ndani kabisa, afu nusu ya kusini ya 1893 imeshikwa na fremu ya chuma na ukuta umepungua. Ukishaviona hivyo viwili vuka Jackson tu, upo Federal Center, majengo ya serikali ya Mies, na hapo ukuta wenyewe haupo tena, ni chuma cheusi na kioo, chini zimebaki nguzo na uwanja unapita kati yake. Lile dude jekundu uwanjani ni Flamingo, sanamu ya mchongaji Calder ya 1974.

Mchana panda treni ya Green Line ushuke 35th-Bronzeville-IIT uende Crown Hall, jengo la Mies la 1956. Paa lake limening'inizwa kwenye mihimili minne mikubwa iliyopita juu kwa nje, kwahiyo ndani hakuna nguzo hata moja, na wanafunzi wa usanifu wanasomea humo mpaka leo.

Siku ya pili ni ya ziwa, na asubuhi na mapema nenda barabara ya Lake Shore Drive namba 860 na 880, minara miwili ya Mies ya 1951. Sheria za moto zililazimisha nguzo za chuma zifunikwe zege, basi Mies akachomelea vyuma vingine vyembamba kwa nje, havibebi jengo, na wapo wanaomlaumu mpaka leo kwamba ni pambo tu. Mi namtetea, maana jua likitokea ziwani vile vyuma vinatupa vivuli na jengo zima linabadilika kila ukipiga hatua. Humo wanaishi watu, tazama ukiwa nje.

Boti ya mtoni panda mchana, utapita Marina City, ile inayofanana na mahindi mawili yaliyosimamishwa, ghorofa 19 za chini ni maegesho matupu ya magari!

Jioni nenda Adler Planetarium, jumba la maonyesho ya nyota na sayari, limejitokeza ziwani kabisa, kaa ukingoni uutazame mji jua likizama nyuma yake. Beba koti zito, upepo wa Ziwa Michigan mwezi wa kumi unapenya.