Jeni za mama na jeni za baba zikikutana

SWALI: Shikamoo daktari. Mama aliugua saratani ya titi akiwa na miaka 43. Juzi, kwenye msiba huku Igombe, nimesikia kuwa shangazi yangu, dada wa baba, naye alifariki kwa ugonjwa huohuo. Je, nimerithi hatari ya pande zote mbili? Zinajumlishwa?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umefanya vizuri kumtaja shangazi. Kliniki nikiuliza habari za ukoo, wengi huishia kwa mama, kana kwamba saratani ya titi hurithiwa kuukeni tu. Baba mwenye jeni yenye hitilafu huweza asiugue maisha yake yote, na bado kila mtoto wake, wa kike kwa wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata.

Kuhusu kujumlisha: mara nyingi hatari huzidishwa. Chukua hesabu ya mfano tu. Tuseme wanawake 3 katika 100 wangeugua. Hitilafu ya jeni ya CHEK2 huongeza hatari karibu maradufu: wanakuwa 6. Halafu kuna tofauti ndogondogo za urithi, kila moja ikizidisha labda kwa 1.1. Moja haina neno. Kumi zikikutana kwa mtu mmoja, 1.1 ikizidishwa kwa yenyewe hadi zitimie kumi ni karibu 2.6, na wale 6 wanakaribia 16. Ungejumlisha (3 za mwanzo, 3 za CHEK2, na 0.3 mara kumi), ungepata 9. Bahati nzuri zipo pia tofauti zinazopunguza, na kila mtu ana mchanganyiko wake.

Jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo hitilafu zake huongeza hatari sana, ni habari nyingine. Utafiti mkubwa wa mwaka 2017, uliofuatilia zaidi familia za nchi za Magharibi, ulikuta kuwa katika kila wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1 karibu 72 huugua saratani ya titi kabla ya miaka 80, na karibu 69 kwa BRCA2. Lakini mwenye zote mbili hatari yake haizidishwi. Hubaki karibu na ya BRCA1 peke yake. Kwa nini? Zote mbili hufanya kazi moja, kuunga DNA iliyokatika. Mtazame fundi wa nyavu pale Mwaloni, Kirumba: uzi ukimwishia, tundu linabaki wazi. Ukimnyang'anya na sindano, tundu ni lilelile.

Alama za hatari zinazokusanya tofauti ndogondogo zilitengenezwa zaidi kwa wanawake wenye asili ya Ulaya, na kwetu hubahatisha zaidi. Anayekutajia asilimia yako kamili kwa kipimo hicho, mtilie shaka.

Sasa wewe. Mama na shangazi yako si damu moja, kwa hiyo usiwahesabu kama wagonjwa wawili wa ukoo mmoja. Ni saratani 5 hadi 10 tu katika 100 za titi zinazotokana na jeni moja kali ya kurithi. Kilichonishtua zaidi ni ile miaka 43 ya mama. Ukija kliniki, niletee mambo mawili: shangazi aliugua akiwa na umri gani, na kama upande wowote kuna aliyeugua saratani ya ovari, au mwanaume aliyeugua ya titi. Ukigusa uvimbe kabla ya hapo, njoo siku hiyohiyo, maswali ya ukoo yatasubiri.