Kutumia mafuta ya habasoda na dawa za majani ili kujikinga na madhara ya kemo

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullah, Sheikh. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Tanga, na nimegundulika kuwa na saratani ya titi. Natibiwa Ocean Road, Dar es Salaam, ambako nimewekewa dripu ya kemo mara mbili, na ya tatu imekaribia. Dawa ile nyekundu imeninyonyoa nywele, natapika mfululizo, na mdomo umejaa vidonda kiasi kwamba hata chai hainipiti. Wifi yangu ameniletea chupa ya mafuta ya habasoda na kopo la unga wa manjano uliochanganywa na mlonge kutoka kwa muuza dawa za Sunna, aliyesema kuwa vinaukinga mwili na sumu ya kemo. Alitaka nisimwambie daktari. Sasa anasema niache kemo kabisa, kwani Mtume (s.a.w.) amesema habasoda ni dawa ya kila ugonjwa, na mwenye kutafuta dawa nyingine juu yake ana shaka moyoni. Je, nikiendelea na kemo nitakuwa nimeikadhibisha hadithi? Na inafaa nitumie vyote pamoja?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, namwomba Allah akuondolee dhiki hii na aifanye kuwa kafara na daraja kwako. Swali lako limenisumbua kwa sababu umekwisha kubebeshwa mzigo wa maradhi, kisha akatokea mtu akakuongezea hofu ya kuwa kitanda cha hospitali kinakutoa katika imani. Hofu hiyo iondoe moyoni kabla hujasoma mstari unaofuata. Kuendelea na kemo hakuikadhibishi hadithi yoyote, na kwa hali uliyonieleza sioni ruhusa ya wewe kuiacha kwa kauli ya muuza duka.

Hadithi ya habasoda ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim, na Muislamu haitilii shaka. Ninachokipinga ni matumizi yake. Wanavyuoni waliobobea walikwisha kuijadili karne nyingi kabla ya kemo kujulikana. Al-Khattabi alisema kuwa neno lake ni la jumla lakini makusudio yake ni mahususi, kwa kuwa hakuna mmea mmoja uliokusanya sifa zote za kukabili kila maradhi. Ibnul Qayyim akaifananisha na kauli ya Allah kuhusu upepo wa watu wa Adi, kwamba "unaangamiza kila kitu kwa amri ya Mola wake", na makusudio ni kila kitu kinachokubali kuangamizwa kwa upepo ule. Ni kweli kwamba Ibn Abi Jamra hakuridhika na kuibana hadithi kwa kauli za matabibu, na mimi siufichi mvutano huo. Lakini hata ukiifuata rai yake kwa ukamilifu, hutapata ndani yake kwamba habasoda haina kipimo, wala kwamba anayeitumia ameharamishiwa dawa nyingine.

Na kipimo kimo ndani ya mapokezi yenyewe. Katika Sahihi ya Bukhari, Ghalib bin Abjar aliugua njiani, na walipofika Madina akatembelewa na Ibn Abi Atiq, aliyewaambia wenzake wachukue punje tano au saba za habasoda, wazisage, kisha wazidondoshe puani pamoja na matone ya mafuta, upande huu na upande huu, na akawasimulia hadithi hii kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.). Punje tano au saba, kwa njia maalumu, kwa mgonjwa maalumu. Mwenye kukupa chupa nzima ya mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye maelfu ya punje, pamoja na unga wa vitu viwili ambavyo hadithi haikuvitaja kabisa, kisha akasema kuwa chupa hiyo ndiyo Sunna, amemsemea Mtume (s.a.w.) jambo ambalo hakulisema.

Tazama pia alivyotenda Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba alimpelekea Ubayy bin Ka'b tabibu, naye akamkata mshipa, kisha akamchoma kwa moto. Hayo ni matibabu ya maumivu makali, yanayoacha kovu na yenye hatari ndani yake, na habasoda ilikuwepo Madina. Hakumwambia Ubayy kuwa kukubali chuma na moto ni shaka moyoni. Aliyekuwa na ugonjwa wa tumbo alimwamrisha asali, wengine akawaelekeza kwenye kuumikwa, na akasema, kama alivyopokea Muslim: "Kila ugonjwa una dawa, dawa ikiusibu ugonjwa, mtu hupona kwa idhini ya Allah." Kuusibu ugonjwa kunahitaji mtu anayeujua, na ndiyo maana Mtume (s.a.w.) alipeleka tabibu.

Nakuja kwenye hoja ya pili ya watu hawa, ambayo huenda ndiyo inayowavuta wengi: kwamba kemo ni sumu ya kiwandani, na majani ni rehema isiyodhuru. Kemo ina ukali, umeuona mwilini mwako na sitaupunguza kwa maneno. Inaua chembe hai (seli) za mwili zinazozaliana kwa kasi, na kwa kuwa mizizi ya nywele, ngozi laini ya ndani ya mdomo na uboho vina kasi kama hiyo, navyo hupigwa. Lakini wajue kuwa dawa kadhaa za kemo asili yake ni mimea. Vinkristini inatoka kwenye ule mmea mdogo wenye asili ya Madagaska, wenye maua ya waridi au meupe, tunaouotesha nyuani kama pambo. Paklitakseli ilipatikana mwanzo katika magome ya mti wa Amerika Kaskazini. Mmea wenye nguvu ya kuua saratani ndio huo huo wenye nguvu ya kutia ganzi vidole. Kwa hiyo anayesema "ni majani tu, hayana madhara" hajui majani.

Watakuambia kuwa utafiti umethibitisha. Ni kweli kwamba ziko tafiti za maabara ambamo kiini cha habasoda kiliwapunguzia panya madhara ya sisplatini, mojawapo ya dawa za kemo, kwenye figo, na ni jambo la kumshukuru Allah na la kufuatiliwa. Lakini panya wakikubaliwa kuwa mashahidi, wasikilizwe kwa pande zote. Mwaka 2002 watafiti waliwalisha panya wenye saratani ya titi kiini cha manjano, wakaona kinapunguza nguvu ya saiklofosfamaidi, ambayo mara nyingi hutolewa pamoja na hiyo dawa nyekundu unayowekewa. Mwaka 2009 kiini cha chai ya kijani kilionekana katika maabara kikiifunga dawa moja ya saratani ya uboho isifanye kazi. Kwa binadamu, wagonjwa waliotumia mmea unaoitwa kwa Kiingereza St John's wort pamoja na irinotekani, dawa nyingine ya kemo, walipimwa, na kiasi cha dawa iliyo hai katika damu yao kikashuka kwa zaidi ya theluthi. Hapa ndipo penye hatari kuu, nami naomba uielewe vizuri: kinachoikinga chembe nzima dhidi ya dawa kinaweza kuikinga na chembe ya saratani pia. Utaona kichefuchefu kimepungua, ufurahi, kumbe uvimbe nao umepata ahueni.

Na kuhusu kuacha tiba kabisa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa wagonjwa waliochagua tiba mbadala peke yake. Kwa saratani ya titi, hatari ya kufa ilikuwa zaidi ya mara tano ya waliopata tiba ya hospitali. Sisi wa Afrika Mashariki tulikwisha kuona mwaka 2011, foleni za magari kuelekea Loliondo kufuata kikombe cha dawa ya mitishamba kilichodaiwa kuponya, na watu walioacha dawa zao nyumbani kwa kuamini kuwa wamekwisha pona. Allah anasema: "Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo." Katika Abu Dawud yumo mtu aliyejeruhiwa kichwa, akapata janaba, akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari akasema: "Wamemuua, Allah awaue! Kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui? Hakika dawa ya kutojua ni kuuliza." Waliomjibu walikuwa watu wa dini, na walidhani wanailinda dini. Na amesema pia (s.a.w.) kwamba mwenye kujitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini, yaani anabeba dhima ya anachokiharibu. Muuzaji huyo aisome hadithi hii kabla hajauza chupa nyingine.

Hukumu, basi, ni hii. Habasoda, manjano na mlonge asili yake ni halali, na kuvila katika chakula kwa kiasi cha kawaida hakuna ubaya, isipokuwa kama daktari wako amekukataza. Ama mafuta na unga vilivyokolezwa kwa ajili ya kupambana na kemo, usivitumie mpaka wanaokutibu waridhie. Wakisema vinadhuru, kuvitumia kunakuwa haramu kwako kwa kanuni ya "hakuna kudhuru wala kudhuriana". Sharti la kumficha daktari ni batili, usilitimize. Yeye anapanga kiasi cha dawa kwa kuangalia damu yako, ini lako na moyo wako, na ukimficha unachokunywa unamfanya akuhukumie kwa ushahidi pungufu. Chukua chupa na kopo, viweke ndani ya mkoba, na umwoneshe siku ya kliniki kabla ya dripu ya tatu.

Tena umwambie habari ya kutapika na vidonda vya mdomo, kwani nahisi umekuwa ukivumilia kimya ukidhani ndiyo subira. Ziko dawa za kuzuia kutapika zinazotolewa kabla ya dripu na zinaweza kubadilishwa, na ziko za kusukutua mdomo. Ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, usisubiri kliniki wala usinywe majani. Nenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, uwaambie kuwa uko kwenye kemo. Kueleza maumivu kwa anayeweza kuyaondoa hakupunguzi subira yako.

Mume wako ndiye azungumze na wifi yako, kwa upole, kwa kuwa alichokileta amekileta kwa mapenzi. Mwambieni kuwa Sunna ina mlango mwingine wa kumsaidia mgonjwa: Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiamrisha talbina, uji mwepesi wa shayiri, na akipokea kwa Mtume (s.a.w.) kwamba unauliwaza moyo wa mgonjwa. Akupikie huo, uwe vuguvugu ili usiunguze vidonda, na afuatane nawe Dar es Salaam. Naye na watoto wakusomee dua aliyowasomea Mtume (s.a.w.) wagonjwa wake: "Ewe Mola wa watu, ondoa dhiki, ponya, Wewe ndiye Mponyaji, hapana kupona ila kupona kutokako, kupona kusikoacha ugonjwa." Wallahu a'lam.