Kabla Hujampa Mchoraji: kwa mnaotunga vitabu vya Krismasi vya watoto

Wadogo zangu, miswada ya Krismasi imeanza kunifikia tena, na naona makosa ya mwaka jana yamerudi yakiwa na majina mapya. Tembo, twiga na sungura wanacheza theluji kwenye mawe ya Mwanza. Kila mshororo unaishia kwa -ni. Mchoraji ameshalipwa, jalada limeshakamilika, na hakuna mtoto hata mmoja aliyesomewa. Nawapenda, ndiyo maana nasema bila kuzunguka: mnaanzia mwisho. Vina mnavijua, mizani mnaijua, sitawafundisha utenzi ni nini. Nitasema yale yanayoharibika utungo unapotoka kwenye daftari na kuingia mdomoni mwa mzazi anayemsomea mtoto.

1. Hesabu mizani, yaani silabi, kwa kidole huku unatamka. Mbwa ni mizani mbili, mtoto ni tatu. Hilo mnalijua na bado mnalikosea kwa sababu mnahesabu kwa macho. Krismasi ndiyo inayowaangusha zaidi. Mtungaji huihesabu tatu au nne, halafu watoto wengi wanaitamka Kirisimasi, tano kamili, na mshororo wako wa mizani nane unamwagika. Noeli ni tatu kwa kila mtu, Sikukuu ni nne kwa kila mtu. Mimi hutumia hizo mbili ndani ya beti, Krismasi naiacha jaladani.

2. Punguzeni -ni. Ziwani, mezani, kanisani, angani, mlangoni: ukitaka unaweza kumaliza kitabu kizima hivyo bila kutoka jasho. Lakini raha ya mtoto ni kulikisia neno kabla hujalisoma. Mtoto wa chekechea akisikia "udongo" halafu ukatua kidogo kabla ya kufunua ukurasa, utamwona midomo inatafuta. Akisikia -ni hatafuti chochote, kwa kuwa neno lolote lenye mahali litafaa. Na tabdila, kule kubadili neno kwa ajili ya kina, waachieni wakubwa. Mtoto wa darasa la kwanza anajifunza kusoma kwa kitabu chako. Ukimpindishia neno ili upate kina, amelibeba hivyo hivyo mpaka kwenye mtihani.

3. Usiache kina kikuchagulie wahusika. Hapa nitakaa, kwa sababu hili liliniuma na linawauma ninyi kila mwaka.

Nilitunga kisa cha wanyama wa ziwani wanaokusanyika usiku wa mkesha: kiboko, mwari, fisi maji, pimbi wa kwenye mawe, na samaki wawili marafiki. Samaki hao niliwapata kwa njia ya vina. Nilikuwa na nyota, nyota inang'ara, na kinachofuatana na kung'ara kwa mtu wa Mwanza ni kimoja tu. Ubeti ukaja wenyewe:

Nyota ziwani yang'ara,
furu kando ya sangara,
wamesahau hasira,
leo ndiyo Sikukuu.

Nane, nane, nane, nane. Niliupenda ubeti huo kiasi kwamba kisa chote nilikijenga juu yake. Mchoraji akaupenda pia, akamchora sangara mkubwa wa rangi ya fedha kwenye zaidi ya nusu ya kurasa, pezi lake limemkumbatia furu mdogo wa bluu. Alitumia rangi ya maji, na kazi ilikuwa nzuri sana. Nusu ya malipo yake ilikuwa imeshatoka.

Ndipo nikaenda kuusoma mwaloni Igombe, ufukweni mwa wavuvi, kwa watoto ambao mama zao walikuwa wanaanika dagaa hatua chache kutoka tulipokaa. Kiboko alipokewa kwa vicheko, na pimbi naye wakamshangilia. Nikafika kwenye ubeti wangu. Mtoto mmoja wa miaka kama sita akauliza, "Kwani sangara ameshiba?" Mwingine akamjibu kwamba sangara hashibi, baba yake akimpasua hukuta samaki wadogo tumboni. Wa tatu akataka kujua kama huyu furu wa kwenye kitabu atakuwa tumboni kesho. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, na nyota yangu haikusikiwa tena na mtu. Niliposema ni marafiki kwa sababu ni Sikukuu, wakanyamaza kwa heshima. Huo ukimya ulikuwa mbaya kuliko ubishi. Binti mmoja mdogo akanyoosha mkono, akamfunika furu kwa kiganja ili sangara asimwone.

Watoto hao hawakuwa wakorofi. Walijua wanachokisema, na mimi nilikuwa na kila sababu ya kukijua pia. Sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria, aliingizwa miaka ya 1950, akakua mpaka kufikia karibu mita mbili, na aina nyingi za furu zimetoweka tangu aenee. Mtu anayeishi kando ya maji haya hawezi kuwaweka wale wawili pezi kwa pezi kwa sababu tu majina yao yanamkalia vizuri mshororoni. Mwandishi anaruhusiwa kuwapatanisha simba na mbuzi. Hadithi zetu zimejaa hayo. Ila mapatano lazima yawe ndiyo kisa chenyewe, yagharimu kitu, yaonekane yanafanyika. Mimi niliyapitisha kwa mshororo mmoja, "wamesahau hasira", nikaendelea na kengele. Na haikuwa hasira hata kidogo, ilikuwa njaa.

Kumwambia mchoraji ilikuwa kazi ngumu kuliko kutunga upya. Alifungua jalada la michoro, akaigeuza mmoja mmoja bila kusema kitu. Nilimlipa iliyobaki yote kwa kazi ile ambayo haikutumika, na nyingine kwa kazi mpya, na nawaambia kiwango hicho cha haki msikipunguze: mchoraji hachangii hasara ya mwandishi asiyepima utungo wake.

Ukombozi ulitoka kwake. Aliuliza kama najua furu wanavyolea. Mama furu huhifadhi mayai mdomoni, na watoto wakianguliwa humo humo hujificha. Basi, kisa kikasimama. Sangara akaondoka kabisa. Tangu ukurasa wa kwanza wenzake wote wanaimba, na Furu peke yake hafumbui mdomo. Kiboko anamsalimia, kimya. Mwari anamtania, kimya. Wanadhani amenuna. Usiku wa mkesha unafunua ukurasa, Furu anafumbua mdomo, na watoto wanatoka mbio kila upande wa karatasi. Hakuna neno kwenye ukurasa huo isipokuwa kibwagizo. Nafasi ya sangara tukampa kamongo, samaki ambaye maji yakikauka hujichimbia tope akasubiri mvua:

Vuli yagonga mlango,
"Pita," asema Kamongo,
"nimechoka na udongo,
leo ndiyo Sikukuu."

Safari hii tuliwauliza wavuvi kwanza kamongo anapenda kula nini. Wakasema konokono. Konokono tukamwondoa kwenye orodha ya wageni.

4. Amueni mezani kuna nini. Ni tawi la namba tatu, lakini mnalisahau. Kama marafiki wako ni wanyama, pilau ya kuku ni msiba kwa mmoja wao. Desemba kwetu ni msimu wa maembe, na Usukumani kuna matobolwa na michembe, viazi vitamu vya kukaushwa. Sherehe nzima inaenea hapo bila kumpika rafiki wa mtu.

5. Theluji. Kama kisa kinatokea Ufini, weka theluji na kulungu wa huko, sina ugomvi. Kama kinatokea Saanane, Desemba ina mvua, radi, kumbikumbi kwenye taa na mivinje inayokatwa matawi ya kupamba sebuleni. Kisiwa hicho kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013 na kinaonekana kutoka mjini. Mchoraji wako apande boti akawaangalie pimbi kwa macho yake.

6. Mkimpeleka mnyama horini, someni Luka 2 kwanza. Hori limetajwa, kondoo wanaeleweka kwa kuwa wachungaji walikuwa wanalinda kundi, lakini ng'ombe na punda hawamo. Wameingia kwa kusomwa Isaya 1:3, panapowataja wote wawili, na kwa mapokeo marefu. Fransisko wa Asizi aliwaweka wakiwa hai kwenye pango la Greccio, Italia, mwaka 1223. Nasema hivi kwa sababu nilikaa kwenye usomaji mmoja ambapo mwandishi kijana alianza na "Biblia yatuambia, punda alipiga magoti", na katekista, mzee mpole kabisa, akamwomba amwonyeshe mstari. Kijana alitafuta mpaka watoto wakaanza kurushiana ndala. Andikeni punda apige magoti, anapendeza, watoto wa Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto Wakatoliki, watamwiga mpaka Pasaka. Msiseme tu kwamba imeandikwa. Na kiboko wako akifika horini pamoja nao, hajavunja kitu: mlango uliowapitisha ng'ombe na punda ni huo huo.

7. Kurasa ni 32 kwa kawaida, kwa kuwa karatasi kubwa hukunjwa kwa mafungu; ukiondoa jina la kitabu na hakimiliki unabaki na michoro mipana ya kurasa mbili mbili kama 14, kwa hiyo beti 40 haziingii hata mkimlilia mpiga chapa. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, mnaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba. Mswada wa Krismasi ukija Novemba ni wa Krismasi ya mwaka unaofuata.

8. Usiusome mwenyewe. Wewe unajua pa kuvuta na pa kukaza, na sauti yako inaficha mizani iliyopungua. Mpe mtu ambaye hajawahi kuuona, ikiwezekana mzazi aliyetoka kazini, saa mbili usiku, mtoto akiwa mapajani. Kaa pembeni na kalamu. Ulimi wake ukijikwaa, tia alama. Akirudia neno, tia alama. Mtoto akigeuka kuangalia mlango, andika ni ubeti wa ngapi. Usimsahihishe wala usimweleze ulikusudia nini. Ukishapata usomaji usio na alama hata moja, nenda kwa mchoraji.

Miswada minne iliyoko mezani kwangu sasa hivi nitairudisha wiki hii ikiwa na alama hizo. Mwenye wa kiboko na kengele, wako uko karibu sana. Badilisha ubeti wa sita, kisha nitafute.