Mwanangu, kuhusu ule woga

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Tanga. Sisi ni wazima, na baba yako ameanza tena kwenda shamba.

Ujumbe wako nimeusoma mara nyingi. Unaniuliza: "Mama, ulipoacha kazi kiwandani ukaanza kushona, woga uliutoaje?" Unasema programu yako ya simu ya kuwaunganisha mama lishe na wauza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, imekamilika tangu mwezi wa tatu, lakini kila ukitaka kuwapa watu, moyo unakudunda, unarudi kubadilisha rangi.

Sikuutoa, mwanangu. Nilishona nao.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Mwaka wa tatu wa cherehani yangu, shule moja iliniagiza sare 120. Nikakopa majora ya kitambaa cha rangi ya damu ya mzee kwa mzee mmoja mwenye duka pale barabara ya 9, Ngamiani. Kabla sijamaliza kukata, shule ikabadilisha rangi na hakuna aliyetaka kunisikiliza. Miezi miwili nilikuwa nikizunguka barabara nzima ili nisipite mbele ya duka la yule mzee. Njaa haikunitisha, tulikuwa tunakula. Nilichoogopa ni macho ya watu, na wale niliowaaga kiwandani wakaniambia nitarudi.

Siku niliyokwenda, miguu ikitetemeka, mzee aliniuliza swali moja tu: "Utalipa kwa awamu ngapi?" Nililipa kwa miezi minane. Kile kitambaa nilikishona sketi za nyumbani, nikaziuza kidogo kidogo.

Ndiyo maana nakuomba utenganishe hofu zako. Hofu ya fedha ina hesabu, ihesabu. Andika kiasi unachoweza kupoteza na bado ukalipa kodi ya chumba, na ukifika hapo usimame. Hati ya nyumba yetu haitakwenda benki, hilo nalisema mapema ili lisikusumbue. Ukienda BRELA, wale wanaosajili biashara, kumbuka kwamba ukisajili jina la biashara tu, deni la biashara ni deni lako. Kampuni ya hisa hubeba deni lake yenyewe, isipokuwa pale utakapotia sahihi ya kuidhamini wewe mwenyewe. Soma kabla ya kusaini, hata kama anayekuletea karatasi ni rafiki.

Hofu ya aibu haina hesabu. Hiyo hupungua ukikutana na watu wenyewe. Wewe ndiye uliyenisimulia kwamba M-Pesa, kabla ya kuzinduliwa Kenya Machi 2007, ilijaribiwa kama njia ya kurejesha mikopo midogo, na wateja wenyewe ndio walioonyesha kwamba wanataka kutumiana pesa. Wangeifungia ofisini wakisubiri ikamilike, wangeyajuaje hayo? Na wewe, mama lishe gani amekwambia rangi hiyo ni mbaya?

Kazi usiiache bado. Jumamosi nenda Feri alfajiri, mnada ukiwa umechangamka, na viatu usivyovionea uchungu. Tafuta mama lishe watano, si zaidi. Wape simu mkononi, kisha nyamaza uone kidole kinakwama wapi. Akikwambia haimfai, muulize leo samaki kampata vipi, na kwa bei gani. Jibu hilo liandike.

Jioni nipigie. Nitakuwa nimemaliza kushona mapema.

Mama yako