Swali la lugha: "mshipa wa fahamu" au "neva"?

Msomaji wa Moshi anauliza: "Nasomea uuguzi. Tumefika kwenye somo la neva za moyo, tumbo na tezi, zile zinazofanya kazi bila mtu kuziamrisha. Mwenzangu mmoja anaandika 'mfumo wa fahamu unaojiendesha', mwingine kaandika 'neva za huruma', na wodini wagonjwa wanasema 'mshipa' tu. Tushike lipi?"

Shikeni neva. Kwa kitu hiki hasa, maneno mengine yote matatu yanapotosha.

"Mshipa" ni neno kongwe, lakini limebeba mzigo mkubwa mno: damu inapita kwenye mshipa, hisia zinapita kwenye mshipa, hata kano huitwa mshipa. Kwa wazee wengi, "kuwa na mshipa" ni kuwa na ngiri au busha. Mzee akiteremka kutoka Marangu kwa sababu ya kizunguzungu, ukamwambia "tatizo ni mshipa", huenda akadhani unazungumzia kinena chake.

Ukitaka kuona hatari ya neno hili, itazame shingo. Pale unapoweka vidole kutafuta mapigo, kando ya koo, kuna ala moja ya tishu. Ndani yake, upande wa katikati ya mwili kuna ateri ya karotidi (inayopeleka damu kichwani), upande wa nje kuna vena ya jugula (inayoirudisha moyoni), na nyuma, kati ya hizo mbili, inashuka neva ya vegasi. Mishipa mitatu ndani ya ala moja! Sasa andika kwenye faili, "mshipa wa shingo umekatika". Ikiwa ni ateri, damu inaruka kwa kufuata mapigo. Ikiwa ni vena, damu inamwagika mfululizo na hewa inaweza kunyonywa ndani. Ikiwa ni neva, mgonjwa anakwaruza sauti, kwa sababu tawi la vegasi ndilo linaloendesha nyuzi za sauti. Atakayepokea zamu hawezi kujua ajiandae kwa lipi. Kwa hiyo andika ateri, vena, neva.

"Mshipa wa fahamu" uliziba pengo hilo kwa muda mrefu, na kwa neva za hisia unafaa, maana tuna milango mitano ya fahamu. Kwa neva hizi za moyo na tumbo haufai kabisa. Chukua mtu anayezirai akiona sindano. Vegasi inapunguza mapigo, mishipa ya damu ya miguuni inalegea, shinikizo la damu linashuka, ubongo unakosa damu ya kutosha. Tunasema amepoteza fahamu. Hata hivyo moyo wake unaendelea kupiga na utumbo unaendelea kusukuma chakula. Ukiuita mfumo huo "wa fahamu", umesema fahamu zimepotea na bado zinafanya kazi.

"Neva za huruma" ni tafsiri ya neno kwa neno ya Kiingereza "sympathetic nerves", na imekosea. Asili yake ni Kigiriki, "kuhisi pamoja": waganga wa kale waliamini kuwa viungo hushirikiana maumivu kupitia njia hizo. Mtu kumwonea mwenzake huruma si sehemu ya maana hiyo. Jina la mfumo mzima, "autonomic nervous system", lilitolewa na mwanafiziolojia John Newport Langley wa Cambridge mwaka 1898, na jina la parasimpathetiki akaliongeza mwaka 1905. Andikeni simpathetiki (upande unaouandaa mwili kwa hatari) na parasimpathetiki (upande unaoutuliza na kusaidia mmeng'enyo), basi.

Kwenye kueleza njia zake, hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Simpathetiki hutoka kwenye ugwe wa mgongo, kuanzia sehemu ya 1 ya kifua hadi ya 2 ya kiuno. Usiandike "uti wa mgongo" hapa: uti ni mifupa, ugwe ni kamba laini iliyo ndani yake. Parasimpathetiki hutoka juu na chini: neva za fuvu namba 3, 7, 9 na 10 (hii ya 10 ndiyo vegasi), pamoja na sehemu ya 2 hadi ya 4 ya sakramu, yaani chini ya kiuno. Kwa kawaida kila njia ina seli mbili za neva zinazopokezana kwenye fundo. Ganglioni ni sahihi, lakini "fundo la neva" linaeleweka papo hapo. Katika simpathetiki mafundo mengi yamejipanga kando ya uti, hivyo uzi wa kabla ya fundo ni mfupi na wa baada ya fundo ni mrefu. Katika parasimpathetiki fundo liko jirani na kiungo chenyewe au ndani yake, na urefu unageuka.

Wodini tumia Kiswahili ambacho mgonjwa anacho tayari. Bodaboda ikimkosakosa pale Mbuyuni, atakwambia moyo ulimwenda mbio, mate yalimkauka, vinyweleo vilisimama, kijasho chembamba kikamtoka. Hiyo ni simpathetiki tupu, kaieleza kuliko kitabu. Akinusa mtori jikoni mate yakamjaa, hizo ni neva za fuvu namba 7 na 9. Mwambie: "ni neva zinazoendesha moyo na tumbo bila wewe kuziamrisha."

Jina kamili? "Mfumo wa neva unaojiendesha" ni sawa, sifa ikiufuata mfumo. "Mfumo wa neva zinazojiendesha" nao ni sawa, sifa ikizifuata neva. Chagua moja na uishike hadi mwisho wa kazi yako. "Neva huru" siipendekezi, kwa sababu haipothalamasi, sehemu ya ubongo, bado inazisimamia. Na neva ni ya ngeli ya I-ZI: neva hii imebanwa, neva hizi zimebanwa. "Maneva" tuliache.